Muwa Unaokwenda Horini: Kuzisoma Takwimu za Miwa Inayolishwa Mifugo

Jioni, pembeni mwa soko mjini Lindi, muuza miwa huushika muwa kwa mkono wa kushoto, akaumenya kwa kisu chenye makali kuanzia juu kwenda chini, na ganda likaanguka miguuni pake kwa vipande virefu ambavyo bado vimebeba nyama nyeupe yenye utamu. Mbuzi wa mtaani wanaijua saa hiyo. Hufika wawili watatu, wakaanza na vipande vilivyomenywa kwa haraka, kwa kuwa ndivyo vyenye nyama nene, kisha wakaviacha vifundo, ambavyo ni vigumu hata kwa meno ya mbuzi. Kwa dakika hizo chache mifugo imelishwa miwa, na hakuna anayeweza kulibishia jambo hilo akiwa amesimama pale. Katika vitabu vya takwimu, hata hivyo, muwa ule umeandikwa wote kuwa chakula cha binadamu.

Nimeanza na maganda hayo kwa sababu yanafungua fundo ambalo wasomaji wengi wa takwimu za kilimo hulipita bila kulitambua. Yako majedwali ya kila mwaka yanayoonyesha kila nchi ilizalisha nini na mazao yake yalikwenda wapi, na katika mstari wa miwa kuna mahali palipotengwa kwa ajili ya kiasi kilicholishwa mifugo. Mtu akizichukua tarakimu hizo za miaka thelathini au arobaini, akazichora kwenye grafu, atapata mstari unaopanda na kushuka, na mara moja atashawishika kusema kwamba wafugaji wa nchi hiyo wamezidisha au wamepunguza kulisha miwa. Huenda akawa sahihi. Mara nyingi zaidi atakuwa amesoma kitu kingine kabisa, na kwa sisi tunaofuga huku kusini tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa juu ya mistari kama hiyo hujengwa maamuzi ya wapi zipelekwe mbegu, mashine na maafisa ugani.

Majedwali hayo huitwa mizania ya chakula, na yanayotumika zaidi duniani ni yale ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kanuni yake ni ileile ya daftari la duka, kwamba kilichoingia lazima kilingane na kilichotoka. Uzalishaji hujumlishwa na kilichoagizwa kutoka nje, hutolewa kilichouzwa nje, hurekebishwa kwa akiba iliyoongezeka au kupungua, na jumla inayopatikana hugawanywa katika mafungu: chakula cha watu, malisho ya mifugo, mbegu, usindikaji, upotevu na matumizi mengine. Kwa zao kama mahindi mafungu haya husema mengi. Kwa miwa, sehemu kubwa mno huangukia kwenye usindikaji, kwa maana ya kiwanda cha sukari, na mafungu yaliyosalia hugawana mabaki, kiasi kwamba kosa dogo katika makadirio ya fungu la malisho linaweza kuonekana kama badiliko kubwa la desturi ya nchi nzima.

Tatizo halisi ni kwamba muwa humfikia mnyama kwa njia kadhaa, na kila njia ina mahali pake pa kuandikwa, au haina mahali kabisa. Muwa mzima unaokatwa shambani na kukatakatwa horini ndio pekee unaostahili kuingia katika fungu la malisho, nao hauonekani kwa mwandishi wa takwimu, kwa sababu haupiti kwenye mizani ya kiwanda wala kwenye stakabadhi ya mnunuzi. Hutoka bondeni alfajiri na kufika zizini kabla jua halijawa kali. Vilele, yaani majani ya juu pamoja na kipande cha shina changa, havihesabiwi kuwa miwa, kwa kuwa mavuno ya zao hili hupimwa kwa shina safi linalofaa kusagwa. Mfugaji wa jirani na mashamba makubwa anayejaza mkokoteni vilele baada ya mavuno amepata chakula cha siku kadhaa kutoka katika zao ambalo, kwa mujibu wa kitabu, halikumpa kitu. Molasi, ile shira nyeusi nzito inayobaki baada ya sukari kutolewa, huandikwa kama bidhaa nyingine yenye mstari wake, kwa hiyo hata ikilishwa ng'ombe yote, mstari wa miwa hautasogea hata kilo moja. Na maganda ya sokoni, kama tulivyoona, yamehesabiwa pamoja na muwa uliotafunwa.

Fungu linalobaki, lile la muwa mzima, hujazwa vipi basi? Nchi nyingi hazimuulizi mkulima kila mwaka ni miwa kiasi gani aliwapa wanyama wake, na pale ambapo hakuna jibu rasmi mkadiriaji hutumia uwiano: huchukua sehemu fulani ya uzalishaji akaihesabu kuwa malisho, au huangalia idadi ya mifugo na mahitaji yake. Kazi hiyo ni halali, na majedwali yenyewe huweka alama ya kuonyesha kwamba tarakimu fulani ni makadirio, lakini alama hizo hupotea mara tu tarakimu zinaponakiliwa kwenye grafu. Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lionekane. Nchi inazalisha tani milioni 3 za miwa, na mkadiriaji ameweka asilimia 2 kuwa malisho, ambazo ni tani 60,000. Kiwanda kipya kikifunguliwa na uzalishaji ukapanda hadi tani milioni 4, malisho nayo yatapanda hadi tani 80,000 papo hapo, ingawa miwa yote iliyoongezeka imesagwa kiwandani na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeongezewa muwa. Kwa sababu hiyo ninamshauri kila msomaji aichore mistari yote miwili pamoja, wa uzalishaji na wa malisho. Ikipanda na kushuka kwa hatua zilezile mwaka hadi mwaka, basi anachokitazama ni mwendo wa viwanda, na zizi halimo humo.

Liko na fundo jingine, la tarehe. FAO ilibadilisha njia yake ya kukokotoa mizania, na sasa ipo mifululizo miwili: wa zamani unaoishia mwaka 2013, na mpya unaoanzia mwaka 2010. Anayeiunganisha kana kwamba ni uzi mmoja anaweza kuona mruko mkubwa mahali pa kiungo, akauandikia sababu za ukame, za bei au za sera, wakati mruko wenyewe umetokana na badiliko la hesabu. Miaka ya 2010 hadi 2013 imo katika mifululizo yote miwili, na mwenye subira anaweza kuilinganisha kabla ya kusema lolote.

Sasa, tukiyaweka majedwali kando, ni nini kilichobadilika kweli nchini Tanzania? Badiliko linaloonekana kwa macho liko upande wa molasi. Miwa ya viwanda inalimwa Kilombero na Mtibwa mkoani Morogoro, kiwanda cha TPC mkoani Kilimanjaro, Kagera, na katika miaka ya karibuni Bagamoyo na Mkulazi. Kwa kawaida tani 10 za miwa hutoa takribani tani 1 ya sukari na kilo 300 hadi 400 za molasi. Nchi inayotengeneza tani 400,000 za sukari kwa mwaka, kiwango ambacho Tanzania imekuwa ikikizunguka, hubaki na molasi za kati ya tani 120,000 na 160,000. Hicho ni chakula kingi cha mifugo, ila kina wagombea wengine, na mkubwa wao ni mtambo wa spiriti, ambao hununua kwa wingi na kwa mkataba. Kiasi kinachoishia horini hutegemea sana mgombea huyo anatoa bei gani. Hata hivyo mahitaji ya mifugo yameongezeka: ng'ombe wa nchi hii sasa ni zaidi ya milioni 30, ufugaji wa maziwa wa pembezoni mwa miji umepanuka, na katika Kanda ya Ziwa wanenepeshaji huchanganya molasi na mashudu ya pamba, kwa kuwa pamba wanayo hukohuko.

Huku kwetu hesabu ni nyingine. Lindi na Mtwara hazina kiwanda cha sukari, na molasi ikitoka Morogoro au Moshi lazima ipite Dar es Salaam au njia ndefu ya bara. Kutoka Dar es Salaam pekee hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 550. Dumu la lita 20 la molasi huwa na uzito wa karibu kilo 28, na robo ya uzito huo ni maji. Mfugaji wa Masasi anayelinunua analipia nauli ya maji hayo pia. Anaweza kulitumia kwa busara, kwa kulizimua na kulinyunyizia mabua makavu ili ng'ombe wayale, lakini hawezi kuligeuza kuwa chakula cha kila siku.

Wakati huohuo ng'ombe wameongezeka. Kwa vizazi vingi ukanda huu ulikuwa na ng'ombe wachache, kwa sababu ya mbung'o na kwa sababu riziki ya watu ilikuwa kwenye muhogo, mtama, mpunga na korosho. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu walielekezwa kusini, wengi wao Lindi, na tangu hapo makundi makubwa yamekuwa sehemu ya maisha ya Kilwa, Liwale na vijiji vya jirani. Yeyote anayeishi huku anafahamu kilichofuata kila kiangazi majani yanapokwisha porini: ng'ombe huonekana kwenye mikorosho na kwenye mbaazi, na wakulima na wafugaji hukutana ofisini kwa mtendaji wa kijiji, pengine hukutana pabaya zaidi. Ninalisema hili kwa uchungu, kwani chakula cha kukata na kupeleka horini, hata kikiwa kidogo, huwapunguzia watu ugomvi kabla hakijaongeza lita moja ya maziwa.

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, na kuanzia Juni nyasi huanza kugeuka mabua. Nyasi, zikiwamo zile ndefu tunazoziita mabingobingo, huwa bora zikiwa changa. Kadiri zinavyokomaa ndivyo zinavyokuwa ngumu na protini yake inavyoshuka, mpaka Septemba mfugaji anabaki na shina lisilo na faida kubwa. Muwa hufanya kinyume. Unapokomaa, mvua zikikoma na usiku ukipoa kidogo kwa upepo wa kusi, ndipo unapojaza sukari katika shina, na thamani yake kama chanzo cha nguvu hubaki juu, hata huongezeka, katika miezi ileile ambayo kila kitu kingine kimenyauka. Tena hauhitaji ghala: husimama shambani ukisubiri panga. Katika mazao yote ya malisho ninayoyajua sijaona jingine linalojihifadhi lenyewe namna hii.

Sharti lake ni maji. Muwa hustawi vizuri kwenye mvua za milimita 1,200 na zaidi au penye umwagiliaji, na sehemu kubwa ya mikoa hii hupata pungufu ya hapo. Kwa hiyo ni zao la mabondeni: Lukuledi kutoka Ndanda kuteremkia Nyangao na Mtama, Mbwemkuru, Matandu kule Kilwa, na kingo za Ruvuma. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako watu wenyewe wamehangaikia maji kwa miaka mingi, sitamshauri mtu apande miwa kwa ajili ya ng'ombe, na mafuta ya gari la kuipandisha huko yatakula faida yote.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo grafu haiwezi kulisema, nalo ndilo linaloamua kama matumizi ya miwa yatakua au yatakufa baada ya msimu mmoja. Muwa peke yake haumtoshi mnyama. Katika kila kilo 10 za muwa mbichi, karibu kilo 7 ni maji na kilo 3 ndizo kitu kikavu. Kati ya kikavu hicho, sukari inakaribia nusu, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nyuzinyuzi ngumu. Protini haizidi sana asilimia 2 au 3, yaani gramu 75 hivi katika mzigo mzima wa kilo 10. Mafuta karibu hayapo, wanga haupo, na fosforasi ni kidogo.

Ili kuelewa kwa nini hilo ni janga, mtu akumbuke kwamba ng'ombe na mbuzi hawameng'enyi majani wenyewe. Ndani ya tumbo lao la kwanza wanaishi vijidudu wasiohesabika ambao ndio wanaovunja nyuzi, na mnyama huishi kwa mazao ya kazi yao na kwa miili yao wenyewe. Vijidudu hao wanahitaji nguvu na wanahitaji naitrojeni, yaani kiini cha kujengea protini, kwa pamoja. Muwa huwapa nguvu nyingi mara moja, kwa sababu sukari huyeyuka ndani ya dakika chache, ila hauwapi cha kujengea miili, na wakikosa naitrojeni hupungua. Wakipungua, nyuzi hukaa tumboni muda mrefu, tumbo hubaki limejaa, na mnyama huacha kula akiwa bado ana njaa ya kweli. Kwa mtazamaji ng'ombe huyo anaonekana ameshiba: amekula kwa hamu, tumbo limetuna, amelala akicheua. Baada ya wiki sita mbavu zinahesabika. Kiwango kinachotajwa kwa kawaida ni kwamba chakula chenye protini chini ya asilimia 7 hakiwatoshi vijidudu hao hata kwa kazi ya kawaida, na mnyama anayekua au anayekamuliwa anahitaji kati ya asilimia 10 na 12 au zaidi.

Nchi zilizolisha miwa kwa wingi zilijifunza hili kwa gharama. Cuba, iliyokuwa ikitengeneza tani milioni 7 hadi 8 za sukari kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilikuwa tayari imefanya majaribio makubwa ya kunenepesha ng'ombe kwa molasi na urea, yaani mbolea ya naitrojeni, pamoja na protini kidogo ya samaki, kazi ambayo mtafiti T. R. Preston na wenzake waliiendeleza pia katika Jamhuri ya Dominika na Mexico. Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, nafaka za mifugo zilizokuwa zikiingia Cuba zilikatika, na muwa ukalazimika kuziba pengo; watafiti wao wakawa wanausaga, wanauchanganya na urea na madini, na kuuacha uchachuke hewani ili hamira na bakteria waongeze protini. Mwaka 2002 serikali ikaamua kufunga viwanda 71 kati ya 156. Anayesoma mstari wa malisho wa nchi ile bila kujua historia hiyo ataona vilima na mabonde tu.

Brazil inatuhusu zaidi. Kiangazi cha katikati ya nchi ile huangukia Mei hadi Septemba, miezi ileile ya kiangazi chetu, na wafugaji wake wa maziwa wamezoea kwa miongo kadhaa kuwa na kipande cha miwa karibu na zizi, wakikata kila siku na kunyunyizia urea kiasi cha asilimia 1 ya uzito wa muwa mbichi, wakianza na nusu ya kiwango hicho katika wiki ya kwanza. Wana hata aina ya muwa iliyochaguliwa kwa ajili ya mifugo, IAC86-2480. Walijaribu pia kuuhifadhi muwa kama sileji, yaani malisho mabichi yanayofunikwa shimoni yachachuke, wakagundua kwamba hamira hugeuza sukari kuwa pombe na sehemu kubwa ya chakula hupotea, isipokuwa viongezwe vijidudu maalumu au chokaa. Kwa mfugaji wa kwetu somo hilo linamwokolea kazi ya kuchimba shimo: muwa uachwe umesimama, ukatwe wa siku.

Urea inastahili kuelezwa polepole kwa sababu inaua. Ni ileile mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni asilimia 46, ambayo vijidudu vya tumbo huweza kuigeuza protini endapo sukari iko karibu, na muwa unayo sukari hiyo. Ng'ombe mwenye kilo 300 akipewa kilo 10 za muwa zilizonyunyiziwa gramu 90 za urea iliyoyeyushwa vizuri majini, naitrojeni anayopata humo ni sawa na gramu 260 hivi za protini, na ukizijumlisha na zile 75 za muwa wenyewe chakula hicho kinafika karibu asilimia 11. Kikomo cha tahadhari ni gramu 30 kwa kila kilo 100 za uzito wa mnyama kwa siku, zikigawanywa mara mbili au zaidi, na kiwango hufikiwa kidogokidogo kwa muda wa wiki mbili au tatu. Ndama wadogo, nguruwe, punda na mnyama aliyeshinda na njaa wasipewe kabisa. Maji ya urea yaliyotuama chini ya hori ni sumu tupu. Mnyama aliyezidishiwa hutokwa na mate, hutetemeka, huyumba, tumbo huvimba, na anaweza kufa ndani ya saa moja. Siki na maji baridi mengi kupitia kinywani husaidia yakitolewa mapema, na daktari wa mifugo aitwe mara moja. Mbolea nyingine, kama DAP au NPK, zisikaribie hori.

Na kwa kuwa hii ni nchi ya korosho, neno moja kuhusu salfa. Ni kweli kwamba vijidudu wanaotumia urea wanahitaji salfa kidogo, na ni kweli kwamba mifuko ya salfa ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, imo katika nyumba nyingi za Tandahimba na Masasi. Mtu asiunganishe mambo haya mawili kwa kiganja chake. Salfa ikizidi huharibu ubongo wa mnyama, na kiasi kinachohitajika ni kidogo mno kupimwa bila mizani. Mtaalamu ndiye aichanganye, la sivyo iachwe kwa ajili ya mikorosho.

Kwa maoni yangu mfugaji mdogo wa Lindi ana njia iliyo salama kuliko urea, nayo ni majani ya miti na mikunde. Gilirisidia na lusina zina protini ya asilimia 20 na zaidi katika kitu kikavu, na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi ya gilirisidia hutoa protini inayokaribia ile ya gramu 90 za urea, bila hatari ya kuua ng'ombe usiku. Lusina isizidi theluthi ya chakula cha siku. Majani ya karanga yaliyokaushwa kivulini, ambayo huko Nachingwea na Masasi huachwa shambani au huchomwa, ni chakula kizuri, na pumba za mbaazi pia. Kinachonisikitisha ni ufuta. Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ufuta nchini, lakini ufuta wetu huuzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani na kusafirishwa ukiwa mbegu, na mashudu yake, ambayo ni protini tupu iliyohitajika kukaa kando ya muwa, hukamuliwa katika nchi za wenzetu na kulishwa mifugo yao. Ng'ombe wa hapa anabaki na utamu bila nyama ya kujengea.

Nguruwe na ng'ombe hawafanani katika jambo hili, na niliseme upesi: nguruwe hawezi kufaidi nyuzi za muwa wala urea, ila hunenepa kwa maji ya muwa yaliyokamuliwa akipewa pamoja na protini ya kweli, kama dagaa au soya. Makapi yanayobaki kwenye mashine za juisi ya miwa, ambazo sasa ziko karibu kila stendi, yamekamuliwa sukari na kubaki nyuzi. Yanafaa kutandikwa zizini kuliko kulishwa.

Katika bonde la Lukuledi kuna mfugaji mwenye ng'ombe wawili ambao nimewatazama wakila miwa kwa misimu kadhaa. Hukata alfajiri, akaubeba mzigo begani hadi kwenye gogo la mwembe lililolazwa kando ya hori, na hori lenyewe ni pipa la chuma lililopasuliwa katikati kwa urefu. Anakatakata kwa panga vipande vifupi kama pingili ya kidole, kwa kuwa vikiwa virefu ng'ombe hutafuna, hunyonya sukari na kutema. Kufika saa nne nyuki wamejaa, na muwa uliokatwa umeanza kunukia uchachu, kwa hiyo huufunika kwa gunia bichi na hakati zaidi ya unaoliwa siku hiyo. Msimu wa kwanza aliwapa muwa mtupu, akafurahi walivyoupenda, na kufikia Septemba mifupa ya nyonga ilikuwa imechomoza. Msimu uliofuata akaanza kuvuna gilirisidia za uzio wake, akiziacha zinyauke kidogo kwanza kwa sababu ng'ombe waliikataa harufu yake mbichi. Sasa wanayatafuta majani hayo kwanza, ndipo wanaurudia muwa.

Shamba lake la miwa ni robo ekari. Kwa mavuno ya kilo 4 kwa kila mita ya mraba, ambayo ni ya kawaida kwa bonde lisilo na mbolea nyingi, robo ekari inatoa takribani tani 4. Hesabu yake mwenyewe anaiweka kwa mizigo: mmoja kwa siku, kuanzia Julai mpaka mvua ya kwanza. Niliupima mzigo mmoja kwa mizani ya ufuta, ukawa kilo 22. Kwa siku 150 hizo ni tani 3 na kilo 300 za muwa mzima uliokwenda horini, aina ileile hasa ambayo fungu la malisho liliwekwa kwa ajili yake. Nilipomuuliza mwaka ule alivuna miwa kiasi gani, alinijibu kwamba hakuvuna, kwa kuwa kwake kuvuna ni kuuza, na mwaka ule hakuuza hata muwa mmoja. Mwandishi wa takwimu akifika kwake na swali hilohilo ataandika sifuri, na swali litakalompa jibu la kweli ni lile la mizigo: mingapi kwa siku, kuanzia mwezi gani, na ng'ombe wangapi.